Sabuni ya Bulengera Baada Yako

Mume wangu mpendwa, Baba Neema,

Mvua imeanza tena huku Bulengera, ile mvua ya kwetu isiyo na haraka, inayonyesha kama mtu anayesimulia habari ndefu asiyejua aishie wapi. Nimeketi jikoni na kikwembe kizito mabegani. Baridi ya milima hii inazidi kunizoea kadiri ninavyozeeka. Nimechoka, Baba Neema. Huu si uchovu wa kulala na kuamka ukaisha. Ni ule wa mtu aliyebeba mzigo hadi akasahau kwamba anao, na alipoutua ndipo mgongo ukaanza kuuma.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimeliamua bila wewe, na sina mwingine wa kumweleza tangu mwanzo wake. Binti yetu Neema anajua nusu. Kaka yako Paluku anajua nusu nyingine, na hiyo anaisimulia kwa namna inayompendeza yeye. Wewe unajua mwanzo tu, maana ulituacha katikati.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka Kisangani? Askari walikuwa wamekipora kile kiwanda cha sabuni ulichofanyia kazi tangu ujana, wakang'oa hata mabati. Wenzako waliorudi walikuja na redio, na baiskeli, au angalau godoro. Wewe ulishuka kwenye kamio ya mizigo na mfuko mmoja wa nguo chafu. Mama yangu alikutazama, akanitazama, akaninong'oneza jambo ambalo sikukuambia na sitakuambia hata leo.

Kesho yake uliomba sufuria yangu kubwa, ile ya bugali ya sikukuu.

"Ya kufanya nini?" nikakuuliza.

"Ya kupika sabuni."

"Na bugali tutapika wapi?"

"Mu ile ndogo. Kwani tuko batu ngapi?"

Tulikuwa wawili, na Neema tumboni. Sufuria ile haikurudi jikoni kwangu tena.

Ulinisimamisha mbali, kisha ukaniita nisogee. Ulinionyesha soda kostiki, ile nyeupe inayokula ngozi, na ukanifundisha jambo la kwanza kabla ya yote: soda humwagwa ndani ya maji, kidogo kidogo, maji hayamwagwi juu ya soda, hata kama mfalme ameagiza. "Soda ni kama mukwe," ulisema. "Unaenda kwake polepole. Ukimuendea na haraka, anakurukia." Nikacheka, kwa sababu nilijua unamsema baba yangu.

Halafu mafuta ya mawese, yapashwe moto, yaachwe yapoe mpaka mkono uvumilie. Halafu kukoroga, upande mmoja, mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji wa mgonjwa. Wiki kadhaa baadaye, sabuni ikiwa imekauka, ulikata kipande kidogo ukakigusisha kwenye ncha ya ulimi. Nilidhani umerukwa na akili. Ukasema: "Ikiuma, soda imezidi. Ikiwa na ladha ya mafuta, soda hapana tosha. Ikinyamaza, ni sabuni." Ukanipa na mimi nionje. Ilinyamaza.

Wanawake wa soko walikuja wenyewe. Sabuni yako ilitoa povu katika maji yetu baridi ya chemchemi, haikuyeyuka ilipoachwa kwenye jiwe la kufulia, na mikono haikupasuka. Paluku, kaka yako mkubwa, mfanyabiashara wa vitambaa mwenye sauti ya kujaza soko, alikupa pembe ya kiwanja cha familia, uzio mmoja tu kutoka nyumba yetu, nawe ukajenga savoneri pale, mahali pako pa kupikia sabuni. Ilikuwa banda la mbao na mabati, pipa la kuchemshia mafuta, na kalibu za mbao za kumiminia sabuni, ulizozichonga mwenyewe. Ukaajiri watu. Na hapo ndipo mimi na wewe tulipoanza kugombana.

Uliajiri Katungu, yule mjane aliyekimbia vita upande wa Kayna, aliyekuwa akiuza ndizi kando ya barabara na haongei mpaka aulizwe mara mbili. Ukaajiri na Kakule, msaidizi wa fundi wa nyumba, mcheshi, anayeimba hata akibeba kuni. Mimi nilidhani Katungu atakata sabuni na Kakule atabeba mafuta, basi. Wewe ukaamua kila Jumamosi kazi isimame, wafundishwe. Jumamosi, siku ambayo kamio za kwenda soko la Musienene zilikuwa zinapiga honi mlangoni!

"Wateja wanangoja," nilikuambia.

"Bangoje. Sabuni ya mutu mwenye hapana jua kitu chenye anapika, ni ya kuangusha nyumba."

Uliwafundisha yote. Uliwaonyesha soda iliyokaa wazi ikanywa unyevu wa hewa na kupungua nguvu, na ile mpya inayotoka mpakani ikiwa kali. Mafuta mekundu mabichi na mafuta ya zamani yaliyochacha. Uliwaharibia pipa zima kwa makusudi ili waone sabuni iliyokatika inavyokuwa, mafuta juu na maji chini, kisha ukawaambia waitengeneze. Niliumia kuona mafuta yale. Katungu aliitengeneza. Alikoroga mpaka jioni, na ilipokamatana alikaa chini akalia. Wewe ulimwacha alie. Baadaye ulimwambia neno moja tu la Kinande, "Wasingya," asante, kana kwamba ni yeye aliyekupa kitu.

Paluku alikuwa amesimama mlangoni siku ile na kofia yake ya sherehe. "Mudogo wangu," akasema, "mufanyakazi akisha kujua yote, wewe utabakia na nini?"

"Nitabakia na sabuni ya muzuri, yaya," ukamjibu kaka yako mkubwa.

Akacheka. Na mimi nilicheka naye, maana nilikuwa upande wake. Sikuficha wakati ule na sifichi leo. Kwa sababu Kakule alijua yote, halafu akaondoka. Alikuja na mke wake, wamevaa vizuri, akakupigia magoti kidogo, akasema anakwenda Beni kuanzisha ya kwake. Mafuta yako karibu kule, mashamba ya ngazi, ile michikichi ya mawese, yamezunguka mji. Nilimtazama kwa jicho ambalo lingeweza kukausha sabuni. Wewe ukaingia ndani ukatoka na kalibu moja, ile nzuri ya mti wa mvule, ukampa.

Alipoondoka nilikuambia: "Unamupa adui kisu."

"Lakini Mama Neema," ukasema, "Beni ni mbali. Na batu ba Beni nao bananuka."

Nilikasirika mpaka nikacheka.

Kisha vita vikaja. Nasema vikaja kama vile vilikuwa mgeni, kumbe vilikuwa vimeshakaa. Vilichofanya ni kuvuta kiti na kukaribia meza. Nchi ilikatwa vipande kama mche wa sabuni. Watawala walibadilika kabla hatujajifunza majina yao. Barabara ya Beni ikajaa vizuizi, na kila kizuizi kilikuwa na kamanda wake, na kila kamanda alikuwa na nguo za kufuliwa. Walikuja savoneri wakabeba sabuni mikononi, wakaweka ndani ya kofia. Mmoja alikuambia, "Papa, sisi tunawalinda." Ukamjibu, "Ndiyo, tunaona," nami nikakufinya kwa nyuma usiendelee.

Soda ilichelewa. Mafuta yakawa adimu. Savoneri nyingine za mji zilifunga moja baada ya nyingine, hata zile zilizokuwa na mitambo. Yetu ilipungua lakini haikufa, maana Katungu na wale wawili walioletwa baada ya Kakule walijua kufanya kidogo kiwe kizuri. Siku za mafuta machache walipika kidogo. Siku zisizo na mafuta walitengeneza kalibu, wakafagia, na wewe ukawafundisha tena.

Asubuhi uliyoondoka kwenda Beni kutafuta mafuta, nilikuwa nimekukasirikia kwa kitu ambacho sikikumbuki. Ulipanda juu ya kamio na mapipa matupu. Ulikuwa umevaa koti la Paluku, kwa sababu lako lilikuwa limelowa. Kamio haikurudi. Watu wakaanza kuniepuka barabarani, na hivyo ndivyo nilivyojua, kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo.

Barabara ilikuwa imefungwa kwa mapigano. Sikuweza kuja. Nataka ulijue hilo kama hulijui. Nilikwenda kwenye maegesho ya kamio kila asubuhi na chakula kwenye kitambaa, na madereva waliniambia, "Mama, rudia nyumbani, hakuna njia." Nilifanya matanga bila mwili. Padri alisoma misa mbele ya picha yako ya ndoa, ile ambayo umefumba macho.

Barabara ilipofunguka, aliyekuja ni Kakule. Alikuja peke yake, amekonda, akakaa kwenye jiwe la mlangoni hataki kuingia. Alinieleza. Kamio yenu ilipigwa risasi msituni kabla ya mji. Wewe uliletwa hospitali ya Beni ukiwa bado unaongea, umejeruhiwa tumboni. Mtu fulani alimwambia kuna mtengeneza sabuni wa kwetu Butembo amelala pale hana ndugu, naye akaacha sabuni yake motoni akakimbia. Alikaa nawe mpaka mwisho. Alikuosha mwenyewe. Alikuzika kule, upande wa juu wa makaburi, pasipotuama maji.

"Alisema nini?" nikamuuliza.

Kakule akatazama mikono yake. "Aliuliza kama Mama Neema iko muzima. Kisha akaniuliza kama soda bamefunika, juu ya mvua."

Nilicheka, Baba Neema. Mbele ya majirani waliokuwa wamekusanyika nilicheka, kisha sijui nilifanya nini.

Sasa ninakuja kwenye usiyoyajua.

Matanga yalipoisha familia yako iliketi. Sikuitwa, niliitwa mwishoni nisikilize. Paluku alisema kiwanja ni cha familia, kwa hiyo savoneri ni ya familia, na mkubwa wa familia ni yeye. "Shemeji," akaniambia, na sikusikia ubaya katika sauti yake, nilisikia uchovu wa mtu aliyefiwa, "kazi hii ni ya soda na moto na askari. Mwanamuke hapana weza. Kaa na mutoto. Mimi nitawalisha." Sikubishana. Nilikuwa sina hata nguvu ya kusuka nywele za Neema. Nikaanza kuuza maharagi na nyanya sokoni.

Kaka yako si mtu mbaya, usidhani nasema hivyo. Anajua kuuza kuliko wewe. Kitambaa kilichotoboka angekuuzia ukamshukuru. Lakini sabuni haikumjua. Katungu alikuwa bado anatumia soda ile ya zamani iliyonyonya unyevu, akiongeza kipimo ili kufidia. Paluku akapata mifuko mipya kutoka mpakani, kali, imefungwa vizuri. Katungu akamwambia, kwa ile sauti yake ya chini, "Patron, hii soda iko nguvu. Tupunguze."

"Kipimo ni kile kile cha ndugu yangu," Paluku akasema.

"Ndugu yako alikuwa anabadilisha, patron. Soda ikibadilika, na kipimo kinabadilika."

"Nani ni patron hapa?"

Katungu akachukua kipimo. Akapika kama alivyoambiwa. Na kwa kuwa soko lilikuwa na njaa ya sabuni, Paluku akaiuza kabla haijakauka, bila mtu kuigusa kwa ulimi.

Nilikuwa nimeketi nyuma ya nyanya zangu pale mwanamke mmoja wa Musienene alipokuja akanyoosha mikono mbele ya uso wangu. Ngozi ilikuwa imechubuka hadi nyekundu katikati ya vidole. "Mama Neema," akasema, "hii ni sabuni ao ni moto? Mutoto wangu nimemuogesha nayo." Hakuwa akipiga kelele. Afadhali angepiga kelele. Nilimpa nyanya, kitu cha kijinga, sikuwa na kingine.

Habari ya sabuni mbaya haihitaji gari. Ilipanda na kushuka milima yote, na wateja wakahama. Paluku akatafuta wa kulaumu, akamfukuza Katungu, na wale wawili wakaondoka naye. Akaleta shemeji zake wawili, watu wazima, wenye nguvu, waaminifu. Mmoja aliitwa Kambale. Alikuwa ameoa karibuni na alikuwa akinisalimia kwa heshima kila alipopita kwenye uzio. Waliambiwa wavae viatu na waanze kazi. Hilo ndilo fundisho walilopewa.

Ilikuwa kabla ya mchana. Nilikuwa nachambua maharagi uani. Kwanza nilisikia mlio, kama mafuta yanapomwagiwa maji, halafu sauti ambayo sikujua kama ni ya mtu. Niliruka uzio. Sijui niliurukaje. Kambale alikuwa amepiga magoti, mikono usoni, anazungukazunguka. Kulikuwa na ndoo yenye soda ndani, na alikuwa ameimwagia maji kutoka juu, kwa wingi, kama mtu anayeosha ndoo. Ilikuwa imemrukia.

Watu walikuwa wamejaa tayari. Mmoja alishika chupa ya mafuta ya mawese amtie machoni. Mwingine alikuwa akiita maziwa.

"Muache!" nikapiga kelele. "Maji! Maji tu!"

Nikakimbilia pipa la maji ulilokuwa ukiliweka daima pembeni ya soda, lile ulilokataza mtu yeyote kunawia. Lilikuwa limehamishwa. Walikuwa wamelijaza mafuta. Nikatoka barabarani, na kwa huruma ya Mungu wanawake walikuwa wanapanda kutoka chemchemi na bidoni za maji mgongoni. Nikawanyang'anya. Hakuna aliyeuliza. Tulimlaza Kambale kando, nikamfungua macho kwa vidole vyangu, naye anapigana nami, na wanawake wakamwaga, mmoja baada ya mwingine, polepole, bidoni baada ya bidoni. Mmoja aliteremka tena chemchemi mbio bila kuambiwa. Vidole vyangu viliungua na sikuhisi mpaka jioni.

Jicho moja la Kambale liliokoka. Jingine lilibaki jeupe kama sabuni yenyewe. Mke wake alikuja kunishukuru na nilishindwa kumtazama, ingawa sikuwa nimemkosea.

Sikiliza, Baba Neema. Kwa miaka nilidhani kufundisha kwako ni wema tu, aina ya ukarimu unaotugharimu, kama mtu anayewapa wageni kuku wote. Pale chini, na kichwa cha yule kijana mapajani mwangu, niliona ni kitu kingine. Mtu aliyempa mwenzake ndoo ile bila neno alikuwa amempa nini? Bado nakasirika nikifikiria. Na hasira yenyewe imechoka.

Paluku alifunga savoneri. Alipita siku nyingi bila kuonekana sokoni. Kisha akaja nyumbani kwangu mchana, bila kofia. Alikaa kwenye kigoda cha chini, yeye mtu mkubwa, magoti yakimfikia kidevuni.

"Shemeji," akasema. "Ile kitu hapana ni duka."

"Hapana ni duka," nikakubali.

"Mimi nilidhani kupika sabuni ni kuwa na mafuta, na soda, na batu. Vyote nilikuwa navyo." Akanitazama. "Ndugu yangu alikuwa na nini chenye mimi niko nakosa?"

Ningeweza kumjibu vibaya. Maneno nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyapanga kwenye ulimi muda mrefu. Lakini niliyatazama macho yake nikaona hajalala. Nikamwambia nitarudi, kwa masharti. Katungu arudishwe, na yeye Paluku aende kumwomba kwa miguu yake mwenyewe. Kambale apewe kazi ya kukata na kupanga, alipwe kama wengine, asiguse soda kama hataki. Na mtu yeyote asikaribie pipa kabla ya kufundishwa.

"Na mimi?" akauliza.

"Na wewe, yaya. Wa kwanza."

Alijifunza. Ungemwona! Alibabaika, akasahau, akamwita Katungu "mwalimu" kwa kejeli na baadaye bila kejeli. Hakuwahi kuwa fundi. Mkono wake ni wa kupima kitambaa, hauna subira ya kukoroga. Lakini alijua vya kutosha kuogopa inapofaa, na alipokwenda kuuza aliweza kumwambia mteja kwa nini sabuni hii si ile iliyowaunguza. Ilichukua muda mrefu wanawake wa Musienene kutuamini. Yule wa mikono iliyochubuka hakurudi kamwe. Namwelewa.

Mwenye kusimulia angesema basi kila kitu kikawa sawa. Haikuwa hivyo. Sabuni ya viwandani ilimiminika kutoka Uganda, rahisi, yenye harufu ya maua. Wenye bunduki walibadilisha majina lakini hawakubadilisha njaa. Na wale niliowafundisha waliondoka. Huyu ameolewa Lubero anapika kule. Yule amekwenda Bunia. Mwingine amefungua ng'ambo ya barabara, namwona kutoka mlangoni, na wateja wetu wanaingia kwake. Wewe ungewapa kalibu wote. Mimi niliwapa mkono tu, na siku nyingine hata mkono nilitoa kwa shida. Bado nadhani ulikuwa mkarimu kupita kiasi. Bado nilifunga kazi kila Jumamosi. Yote mawili ni kweli na sijui kuyapatanisha.

Nilifika Beni hatimaye. Kakule alinipeleka. Ameweka saruji juu yako na msalaba, na mke wake hupanda maua ambayo mbuzi hula. Tulikaa pale. Nilimwambia kwamba siku alipoondoka kwetu nilimchukia. "Nilijua, mama," akasema. "Ile macho yako, ai!" Akanipa pipa la mafuta nirudi nalo.

Na sasa jambo nililoamua.

Neema yuko Kampala, ni muuguzi, ana watoto. Ananiambia, mama, uza. Anasema kiwanja ni kizuri, mtu wa nyumba za kupangisha anakitaka. Paluku amezeeka, miguu imemvimba, anakaa juani na kuwauzia wapita njia maneno. Tulipoketi kuamua, safari hii niliitwa mwanzoni. Nilisema savoneri iwe ya Katungu. Si aisimamie kwa ajili yetu, hapana, iwe yake. Wapwa zako wakanung'unika. Yeye si wa familia, ni mutu wa Kayna. Nikawauliza ni nani kati yao anayeweza kuniambia soda ya leo ina nguvu kiasi gani. Paluku akagonga fimbo. "Mimi nilishaiua mara moja," akasema. "Hapana tena."

Nikaenda kumwambia Katungu. Alikuwa anapanga sabuni kwenye rafu, nywele zake sasa nyeupe chini ya kitambaa. Alisikiliza, akaendelea kupanga mpaka mstari ukaisha.

"Mama Neema, minaogopa," akasema.

"Unaogopa nini? Soda?"

"Soda hapana. Batu. Bakikuja kuniomba kazi, nitabafundisha, halafu bataenda. Roho yangu itachoka kama ya kwako."

Ningependa kuwa na jibu lako, lile la watu wa Beni kunuka. Nilimshika mkono tukakaa kwenye magunia, wanawake wawili wajane, mpaka wafanyakazi wakaja kuuliza kama mafuta yamepoa. Akainuka kwenda kutazama. Akiwa mlangoni akageuka akasema, "Kesho ni Jumamosi. Iko mupya mumoja anakuja." Ndivyo nilivyojua amekubali.

Leo asubuhi niliamka kwa mazoea, kukiwa bado ukungu, nikatafuta viatu kwa miguu. Kisha nikatazama kupitia mlango. Moshi ulikuwa tayari unapanda kutoka bandani, mweupe, umenyooka, na sauti ya Katungu ilikuwa inamweleza mtu jambo, akirudia, bila kupandisha. Hakuna aliyeniita. Nikavua viatu, nikarudi kitandani, nikajifunika mpaka masikio.

Pumzika huko juu pasipotuama maji, Baba Neema. Mimi nami najifunza kupumzika, ningali hai.

Mke wako,
Mama Neema